Tonge la Mwisho la Paa

Eugen Schill alikuwa na sauti ya kuangusha theluji mapaani. Walevi wa kijiji cha Tannwinkel waliapa kwamba akiweka jani mdomoni na kumwita paa dume, paa huja mpaka mlangoni mwa baa na kuagiza bia. Asubuhi hiyo ya Agosti alikutwa kimya, amelala chali kwenye njia ya msituni, mkanda wa suruali ameufunga pajani kwa mikono iliyoishiwa nguvu.

Inspekta Irmela Hägele alipiga magoti kando yake.

"Risasi," alisema Daktari Kuhn. "Imekata mshipa mkubwa wa paja. Ilikuwa jana jioni."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana." Daktari hakupenda kulisema lililofuata. "Angefungwa vizuri mapema, leo angekuwa hospitalini anawatania wauguzi."

Karibu na maiti palikuwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na pedi mpya ya mpira, ile ya kuvalishwa kitako cha bunduki ili isimpige mtu bega. Irmela akaitia katika mfuko wa vielelezo.

Kabla ya saa sita, daktari alipiga simu kutoka chumba cha maiti.

"Inspekta, risasi ninayo. Ndogo, ya bunduki ya mbweha. Imevikwa shaba kote na haikufunguka hata kidogo. Halafu kuna kituko: ndani ya jeraha mna nywele."

"Za nani?"

"Za paa. Risasi ilimpitia mnyama kwanza."

Irmela alikata simu, akabaki ameishika. Mwindaji gani wa bonde hili angempiga paa kwa bunduki ya mbweha? Sheria inataka risasi ya paa ifike mita mia ikiwa bado na nguvu ya jouli elfu moja, na bunduki ile haifiki. Tena risasi iliyovikwa shaba kote hutumiwa kwa mbweha ili ngozi isiharibike. Hutoboa tundu kama la sindano ya mshonaji na kuendelea na safari zake.

Hayo yote alifundishwa na mtu mmoja, Gebhard Faller, mzee aliyemsimamia mpaka akafaulu mtihani wa uwindaji. "Risasi ya paa iwe na kichwa laini, mwanangu," alikuwa akisema. "Ifunguke kama uyoga. Mnyama asijue hata kilichompata." Gebhard na Eugen walikuwa marafiki tangu wakiwa na kamasi puani.

Asiwe yeye, alijiambia Irmela, akiikumbuka ile pedi ya mpira. Awe mtu mwingine yeyote.

Konstebo Anselm alirudi kutoka ng'ambo ya kijito, buti zimejaa maji.

"Afande, paa tumempata. Dume. Tumboni ana tundu la kuingilia na la kutokea, yote madogo. Maskini kakimbia na maumivu yake mpaka akaanguka. Na amepewa tonge lake."

Akampeleka; mdomoni mwa paa mlikuwa na kitawi cha msonobari. Ndiyo heshima ya mwisho. Hakuna mwindaji wa hapa anayemwacha mnyama wake bila tonge hilo, hata nyumba yake ikiwa inaungua.

"Sasa mtu huyu," alisema Anselm, "anamlisha paa, na binadamu anamwacha njiani?"

Irmela alikuwa akitazama mwisho wa kitawi. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, laini kama jibini.

Tawi la heshima huvunjwa kwa mkono. Halikatwi. Mtoto wa mwindaji hulijua hilo kabla hajajua kusali. Anayekata ni yule ambaye vidole vyake havivunji tena.

"Nisubiri garini, Anselm," alisema.

Nyumbani kwake, Gebhard alimfungulia mlango kwa kiwiko. Mezani palikuwa na mkate mweusi na nyama ya kukausha, havijaguswa.

"Karibu, mwanangu. Umekonda. Polisi hawakulishi?"

"Wananilisha makaratasi, Mwalimu. Nipe kidogo ile pombe yako ya cheri."

Akaisogeza chupa. "Fungua mwenyewe. Wewe ndiye kijana."

"Ifungue wewe."

Mzee aliitazama chupa, kisha vidole vyake vilivyopinda kama mizizi.

"Mbona unanitesa, Irmela?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Msituni."

"Na bunduki gani?"

Mzee aliisogeza chupa pembeni.

"Mwalimu. Bunduki gani?"

"Ile ya mbweha." Alikaa. "Ile kubwa inanivunja bega. Tangu mwaka jana nikiipiga nalia kama mtoto. Ningemwambia nani? Wangeninyang'anya leseni na kunipa kiti cha kuotea jua."

"Na risasi?"

"Zilizokuwamo. Za shaba. Nilisema nitampiga karibu, shingoni. Mkono ukatetemeka."

"Nyuma ya paa palikuwa na nini?"

"Vichaka. Sikumwona mtu, naapa."

"Hukusikia kitu?"

Macho yalimjaa machozi. "Nilisikia kilio. Nikadhani ni dume. Nikafanya kama nilivyokufundisha: mnyama aliyejeruhiwa usimfukuze, mwache alale. Nikawasha kiko, Irmela. Nikakivuta mpaka kikaisha, Eugen akivuja damu nyuma ya vichaka."

"Halafu?"

"Nikamfuata paa, nikampa tonge. Nilipokuwa narudi kwa njia ya juu, nikamkuta. Alikuwa ameshapoa."

"Ukakimbia."

"Nikakimbia. Miaka yote namfundisha mtu asimame karibu na alichokiua, mimi nikakimbia." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Ila sijui alifuata nini kule. Hakuwa na zamu ya kuwinda."

Irmela angeweza kunyamaza. Alitamani. Lakini mzee angeisikia sababu hiyo mahakamani, mbele ya watu. Akaitoa ile pedi ya mpira, akaiweka kando ya mkate.

Gebhard aliipapasa juu ya plastiki. Alielewa polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi.

"Alijua bega langu?"

"Alijua, Mwalimu. Alikuwa anakuletea."

Walipotoka, mzee alisimama penye msonobari wa uani. Alilishika tawi kwa vidole vyote kumi, akavuta. Halikuvunjika. Akavuta tena, meno yameuma mdomo. Irmela alinyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," alisema Gebhard.

Akalilalia kwa uzito wa mwili wake wote, akitetemeka, mpaka likalia kakaa! Akampa Irmela lile tawi, ncha yake imechanikachanika.

"Mpelekee Eugen," alisema, akanyoosha mikono apigwe pingu.