Mashine ya Adija na Nguvu ya Sakafu

Kamalondo ni mtaa wa zamani mjini Lubumbashi. Huko, watu wa barabara mbili tatu walikula bukari, yaani ugali, kwa sababu ya Adija. Alikuwa na mashine ya umeme ya kusaga mahindi. Ilikaa uani, chini ya kibanda cha mabati. Kila asubuhi alipima mahindi ya mteja kwa mizani ya ndoano, akayamwaga, unga ukatoka. Mashine hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Mumewe Aruna alikuwa fundi viatu, hodari wa kusema kuliko kushona.

Jumamosi moja ya Novemba upepo ulivuma, ukang'oa mabati yote. Mawingu yakawa meusi. Adija alikata umeme mara moja. Mota ikilowa itaungua, na kupata nyingine ni ndoto. Ilibidi mashine iingie chumba cha mbele kabla ya mvua. Zilikuwa hatua kumi tu, kwenye saruji tambarare. Lakini ni nani wa kuisukuma? Wanaume walikuwa Salongo, kazi ya bure iliyoamriwa na chama tawala. Adija na mdogo wake Alima walisukuma mpaka macho yakawatoka. Mashine, iliyofungwa juu ya mbao pana, haikutikisika.

"Tutoe hii mbao ya chini," Adija alisema. "Iko pana sana, inashika chini fasi yote. Ikibakia ku miguu ya chuma, itateleza."

Alima alileta spana. Hapo jirani yao, Mukuka, akatokea. Kazi yake ilikuwa kuhamisha mitambo mizito katika karakana ya mgodi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, kwa hiyo hakwenda Salongo.

"Mama Adija, acha kwanza!" alipiga kelele. "Kama munatoa mbao, mashine itapinduka. Hii chuma ya kumimina ikianguka, inapasuka sawa chungu. Tena miguu yenu iko hapo!"

"Lakini baba Mukuka, mbao iko pana!"

"Bantu bengi banasemaka vile. Leta mizani yako, tuulize sakafu."

"Mizani yangu inapimaka mahindi!"

"Leo itapima sakafu."

Mukuka alichukua sanduku la mbao kama ile ya mashine. Akalijaza mawe mpaka mizani ikasema kilo ishirini. Kisha akaliweka chini, akaingiza ndoano ubavuni.

"Vuta polepole, usome."

Adija alivuta. Mshale ulipanda mpaka kumi, sanduku likaanza kwenda. Lilipokuwa likiteleza, mshale ukashuka, ukakaa kwenye nane.

"Kuanza njo kugumu," alisema Mukuka. "Ikisha kuanza, inaomba nane tu. Ile nane njo nguvu ya musuguano. Sakafu inakatala sanduku ipite. Sasa simamisha sanduku ku upande mwembamba."

Adija alitegemea tano, labda nne. Akavuta. Kumi, halafu nane! Akarudia mara tatu. Nane ileile. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya saruji. Alikuwa ameifagia miaka kumi na mmoja bila kujua kwamba inafuata sheria.

"Namna gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ikiwa pana, uzito unajigawa, kila fasi inagandamizwa kidogo. Ikiwa nyembamba, fasi ni kidogo lakini zinagandamizwa sana. Mwisho iko sawasawa."

Akaokota kipande cha mkaa, akaandika chini: 8 ÷ 20 = 0,4.

"Hii namba iko ya mbao juu ya saruji kavu. Zidisha na uzito, unapata musuguano. Mashine iko na kilo mia mbili na makumi ine."

Akaandika: 240 × 0,4 = 96.

"Shuleni banahesabu nguvu na niutoni," aliongeza. "Kilo moja iko karibu niutoni kumi. Lakini sisi tuko na mizani ya kilo, tubakie na kilo. Na kuanza? Kumi kwa ishirini iko nusu. Kwa mashine, mia moja na ishirini."

Walijipima wenyewe kwa kuvuta mizani iliyofungwa kwenye nguzo. Wote watatu pamoja walifika tisini na tano. Haikutosha. Ngurumo ikasikika.

"Uzito hatuwezi kuupunguza," alisema Mukuka. "Tupunguze namba. Leteni mbao ndefu na mafuta ya mawese."

"Yaya, ile mafuta iko ya kupika majani ya sombe ya leo!" Alima alimlilia dada yake.

"Tutakula sombe kavu," alijibu Adija.

Wakapaka mbao mafuta, wakapima sanduku tena juu yake. Tano kuanza, nne kuteleza. Mukuka akaandika haraka: 240 × 0,25 = 60. Chini yake: 240 × 0,2 = 48.

Kwa mtaimbo waliinua mashine upande mmoja, kisha wa pili, wakapitisha mbao chini yake. Wakafunga mizani katikati ya kamba. Adija na Mukuka wakavuta. Alima alizitoa mbao za nyuma kila zilipoachwa, akazipeleka mbele.

Hamsini. Hamsini na tano. Karibu na sitini mashine ikaondoka! Mshale ukashuka, ukatetemeka kwenye arobaini na nane.

"Subhanallah!" Adija alisema. Namba ilikuwa imeandikwa chini kabla mashine haijasogea hata kidole. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Mashine ilipoingia ndani waliondoa mbao. Wakasugua mafuta yote kwa majivu.

"Sasa tunautaka musuguano," alisema Mukuka. "Mota ikizunguka, mashine isitembee."

Mvua ilinyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Aruna alirudi mbio, amelowa chapachapa, akakuta mashine inasaga. Alishangaa, halafu akajitia ufundi.

"Muliiweka mubaya. Simamisha kwanza, niisogeze ku dirisha."

Adija akazima mashine. "Haitasogea."

"Sijasukuma bado!"

"Kuanza inaomba kilo mia moja na ishirini. Wewe hauna hata makumi tano."

Aruna alisukuma kwa mikono, kwa bega, kwa mgongo. Mashine ilikaa palepale. Kisha akaketi chini, akavua viatu vilivyojaa maji.

"Unifundishe," alisema.