Sahani ya Kireno ya Bibi

Ilikuwa siku ya tatu shangazi yuko kitandani, homa haishuki. Jioni ile akanishika mkono. "Mwanangu, niletee ile sahani ya Kireno ya mama. Niione tu."

Nyumba ya bibi ilifungwa tangu azikwe. Ufunguo alikuwa nao jirani, fundi cherehani. Alinipa huku akitazama pembeni.

"Ingia, toka. Ukisikia mtu anafanya kazi, usimsalimie."

Nikacheka. Kicheko cha mtu ambaye bado yuko nje.

Sebuleni kulikuwa na vumbi, viti vimefunikwa mashuka… na harufu ya rangi mbichi.

Chwi… chwi…

Kama brashi inayopita juu ya kigae.

Nilipofika ukutani, kimya. Sahani ilining'inia palepale, pana kama sinia, nyeupe, imechorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu: jumba, bustani, na wanawake wanaopanda ngazi kwa mstari. Utotoni niliwahesabu mara nyingi. Saba, na nyuma yao doa moja kama uso.

Sasa walikuwa tisa.

Wa nane alishika mkongojo, bega moja limeshuka. Bibi! Wa tisa alikuwa na kidoti cha shangazi shavuni. Miguu hakuwa nayo bado. Mistari ya sketi ilikuwa mibichi, inang'aa… inashuka. Yenyewe.

"Huyu humchukui," nikanong'ona.

Nikafuta kwa upindo wa gauni, nikafuta mpaka vidole vikauma. Mwili ukatoka. Lakini uso ulikuwa umeshakauka.

Nyuma ya shingo yangu mtu akashusha pumzi, kama fundi aliyeharibiwa kazi.

Sikugeuka. Nilikimbia, sahani nikaiacha ukutani.

Nyumbani nikamkuta shangazi ameketi, anakunywa chai. Homa imekwisha. Nikaangua kilio.

"Unalia nini? Sijafa bado!" Akachukua kioo ajifunge kilemba. Akakikazia macho kile kioo. Akakifuta kwa kiganja. Akakifuta tena.

"Mwanangu… mbona naona kilemba tu?"

Asubuhi nilimrudia fundi cherehani. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Bibi yako aliishi miaka mingi bila kioo ndani ya nyumba. Hukuwahi kujiuliza?"

"Ina maana naye alifutwa? Ikaishaje?"

Akakata uzi kwa meno.

"Mchoraji alirudi kummalizia."

Tangu siku hiyo shangazi halali peke yake. Tunakaa chumba kimoja, hatuzungumzi sana. Tunasikiliza.