Karakana Imehama, Simu ya Mjomba Haina Habari

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua sare, akavaa aproni, akafagia vipande vya ngozi, kisha akapanga soli kwenye rafu, za kushoto upande wake na za kulia upande wake. Mama yake alikuwa fundi viatu, lakini si viatu vya kuchagua dukani. Alishona viatu vya watu ambao miguu yao hailingani: huyu mguu mmoja mfupi, yule umepinda, mwingine umevimba tangu utotoni. Kila jozi ilishonwa kwa vipimo vya mwenyewe, na wateja walitoka mbali kuja kwake.

Jina la Chapuchapu binti huyu alipewa na mama huyohuyo kwa sababu ya haraka zake. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na hata kuoga kwake kulikuwa kujinyunyizia maji tu. Lakini kwenye klabu ya kompyuta ya shule hakuna aliyemfikia. Ndiyo maana mama alipoihamisha karakana kutoka ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu hadi chumba cha chini karibu na kituo cha afya, kazi ya tovuti alipewa yeye. Aliifurahia mno, akatembea mtaani kichwa juu kama mkurugenzi.

Tovuti ya karakana ilikuwa kwenye seva ya zamani, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikiwapa watu kurasa wanazoziomba. Seva hiyo ilikuwa ikizimika ovyo. Chapuchapu, akisaidiwa na mwalimu wa kompyuta, alitengeneza kurasa mpya zenye ramani ya karakana mpya, akaziweka kwenye seva nyingine. Kilichobaki kilikuwa kulielekeza jina la tovuti huko. Jumatano baada ya masomo, mwalimu alisimama nyuma yake akimtazama anavyofuta namba ya seva ya zamani na kuandika namba ya seva mpya.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Sasa tulia. Kuna watakaoona kurasa mpya leo, na wengine mpaka kesho au keshokutwa. Usiwatangazie watu kabla…"

"Sawa, mwalimu!" Chapuchapu alikwisha kushika begi na mguu mmoja uko nje.

Alipofika karakana alifungua simu yake. Ukurasa mpya huo, unang'aa! "Mama, tayari," alisema. "Kila mtu anaona anwani mpya." Mama alitabasamu, akachukua simu ya wateja na kuanza kuwapigia mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia karakana imehama, wafungue tovuti, njia yote imeelezwa humo.

Siku iliyofuata Chapuchapu aliingia karakana akakuta hali si hali. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja fundi saa, mteja wa miaka mingi, mguu wake mfupi ameunyoosha mbele, jasho linamtiririka. Mama alisimama kando ya cherehani, midomo ameibana. Mjomba, kaka yake mama, dereva wa gari la mizigo na mjuzi wa kila kitu duniani, alikuwa na simu mkononi.

"Shikamoo, babu," Chapuchapu alimsalimu mzee.

"Marahaba ya leo ni nusu, mjukuu wangu," alijibu mzee. "Nusu nyingine nimeiacha kwenye ngazi. Nimeangalia tovuti yenu leo hii hii, nikapanda ghorofa tatu na fimbo yangu, nikakuta kufuli. Mlinzi ndiye aliyenielekeza huku."

"Haya, msomi wetu, njoo uone kazi yako," alisema mjomba. Alimsogezea simu karibu na pua. Ulikuwa ukurasa wa zamani: ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Chapuchapu alitoa macho. "Lakini mjomba, nilibadilisha jana! Tazama simu yangu, anwani mpya hii hapa."

Mjomba hata hakuipokea. "Huo ni ujanja. Umetengeneza kapicha kako umekaweka kwenye simu yako ili mama yako akusifie. Mimi hunidanganyi, mtoto wewe."

"Mama, tazama wewe basi!"

Mama hakutazama. "Uliniambia kila mtu anaona. Mzee wa watu amepanda ngazi zile na mguu ule kwa sababu ya maneno yako. Mimi sikuzaa muongo."

Muongo! Tena mbele ya mteja! Damu ilimchemka Chapuchapu mpaka masikio yakawaka moto. Angeitwa mzembe angevumilia. Angeitwa mwenye haraka, ah, hilo si ndilo jina lake? Lakini muongo, na ushahidi anao mkononi, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayetaka kugeuza shingo autazame! Ni haki gani hiyo? Mtu unahukumiwa kabla hujasikilizwa, na hakimu mwenyewe ni mjomba ambaye wiki iliyopita aliomba aonyeshwe jinsi ya kupunguza sauti ya simu.

"Sikusema uongo!" alipaza sauti. "Hamjaangalia hata kidogo!"

"Usinipandishie sauti," alisema mama. "Kuanzia leo hugusi tovuti, wala simu ya wateja. Nitatafuta mtu mzima."

Chapuchapu alifagia karakana yote siku hiyo, machozi ya hasira yakidondokea vipande vya ngozi. Tovuti wangeweza kumpa yeyote. Alichotaka yeye ni mama yake alifute lile neno.

Kesho yake, kengele ya mapumziko ilipolia tu, alikuwa mlangoni kwa mwalimu wa kompyuta. Alimwaga yote bila kupumua. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Simu haijui majina," alieleza. "Inajua namba. Ukiandika jina la tovuti, simu inaiuliza kampuni yake ya mtandao: hili namba yake ngapi? Kampuni ikishaipata namba, inaikariri kwa muda ili isiulize upya kila mara. Kampuni ya mjomba wako bado imekariri namba ya zamani. Ni kama wewe ubadilishe laini yako ya simu. Rafiki ambaye hana namba yako mpya ataendelea kupiga ile ya zamani."

"Kwa hiyo mimi ni mkweli!"

"Mkweli, ndiyo. Na mjomba wako pia, alichokiona ndicho alichokisema. Ila Jumatano nilikwambia nini?"

Chapuchapu alitazama viatu vyake. "Ulisema nitulie."

"Uliangalia simu ngapi kabla ya kusema kila mtu anaona?"

"Moja. Yangu."

"Basi hukudanganya, lakini ulitoa uhakika ambao hukuwa nao. Ngazi alizopanda yule mzee zinatoka hapo." Mwalimu alivuta kiti. "Bahati nzuri seva ya zamani hatujaifunga. Fungua ukurasa wa zamani uandike tangazo, ili hata anayepelekwa huko ajue kwamba mmehama. Hilo tulipaswa kulifanya kwanza. Nami nimelisahau, kwa hiyo tutaenda kwa mama yako pamoja."

Jioni walipofika karakana, mzee fundi saa alikuwa amerudi kujaribu kiatu chake, na mjomba alikuwa akishusha magunia ya soli. Mwalimu alisalimia, akaomba kila mtu atoe simu yake na aandike jina la tovuti kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba aliguna, lakini akaandika. Ukatokea mlango wa kijani, na juu yake maandishi makubwa mekundu: TUMEHAMIA KARIBU NA KITUO CHA AFYA. Kwa mzee ilikuwa vilevile.

Mama alitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni. Akaandika, akangoja. Ramani ya karakana mpya ikafunguka. Hakukuwa na mlango wa kijani wala maandishi mekundu.

"Simu hii mtoto hajaigusa," alisema polepole. "Na jana ilikuwa humu humu mfukoni."

Mjomba alikohoa, akashika gunia ambalo alikwisha kulishusha.

"Kaka, usikimbilie gunia," alisema mama. Safari hii alijikasirikia mwenyewe. "Mwanangu, jana nilikuita muongo mbele ya watu hawa. Leo nalifuta neno hilo mbele yao. Nisamehe. Nilikuwa na njia ya kuujua ukweli mfukoni mwangu, nikaona rahisi kukutukana."

"Mimi pia, mpwa wangu," alisema mjomba kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Chapuchapu alifuta macho kwa mkono wa shati, akamgeukia mzee. "Babu, nisamehe. Nilisema kila mtu anaona kabla sijamuuliza mtu."

"Nimekusamehe," alisema mzee akifunga kamba za kiatu kipya. "Magoti yangu ndiyo bado yanafikiria."

Walicheka wote, hata mjomba. Kisha mama akasema, "Sikilizeni, na mimi najiambia mwenyewe. Kabla hujamwita mwenzako muongo, simama alipo yeye utazame anachokiona. Na wewe, Chapuchapu, kabla hujasema 'tayari', waulize wengine wanaona nini. Haraka yako imemchosha mzee, na hasira yangu imekuumiza wewe. Makosa hayo mawili yasirudi humu ndani."

Simu ya wateja ikaita juu ya meza. Mama aliitazama, akamsogezea binti yake. Mpigaji alikuwa mama mmoja aliyetaka kumleta mtoto wake kesho, naye hajui aende wapi.

Chapuchapu alivuta pumzi. "Fungua tovuti yetu, shangazi," alisema, taratibu kabisa. "Halafu niambie, kwenye simu yako unaona nini?"