Joto la Bi Kafedha

Feri ilikuwa imetema watu asubuhi ile, na Jalila, katika buibui lake lenye pindo la kijani, alipenya katikati yao mpaka kwenye kibanda cha vipuri vya umeme, pale Likoni. Nyumbani kwao Shika Adabu alikuwa ameunda kwa mikono yake mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai mia moja yalikuwa ndani, na kipimajoto kilikuwa kimevunjika.

"Nataka kitu cha kunionyesha joto bila kufungua mlango," alisema.

Mwenye kibanda, Hashim, alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni. Alimwekea kiganjani kioo cheusi kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, pamoja na kihisi cha kupima joto na unyevu wa hewa.

"Kioo hiki huitwa OLED. Hakisemi kitu mpaka kiandikiwe programu. Nikuandikie, au nikufundishe?"

"Nifundishe. Kikiharibika sitaki kurudi kwako kila siku."

"Basi nitakufundisha vibaya kidogo."

Jalila alicheka kabla hajaamua kama amekasirika.

Aliazima kipimajoto cha jirani, na kwa alasiri tatu akawa anakuja kibandani. Hashim aligeuza kompyuta ili wote waone.

"Mstari huu unaita maktaba."

"Ya vitabu?"

"Ya programu. Kioo hiki kina nukta zaidi ya elfu nane. Kuna watu walishaandika namna ya kuziwasha zote, wakatuachia. Sisi tunaomba tu: andika neno hili, mahali hapa, kwa herufi kubwa."

"Watu wema hao," alisema Jalila. Akaandika mistari yake, akaipakia. Kioo kikabaki cheusi. Alikagua nyaya moja moja, akakunja uso.

"Nyaya hazina kosa," Hashim alimwambia. "Maneno yako yako kwenye kumbukumbu. Hujakiamuru kioo kiyaonyeshe. Ongeza amri moja mwishoni."

Akaongeza. JOTO 31.2, UNYEVU 74, yakatokea maandishi meupe. Jalila alishika kioo kwa mikono miwili, akakitazama kama mtu aliyepokea barua.

Jioni hiyo Hashim alipiga simu kuuliza hali ya mayai. Siku ya pili alipiga tena, wakaongea saa nzima, na mayai hayakutajwa.

Kazi ilipokwisha, alifunga kifaa ndani ya kisanduku cheupe cha plastiki, akamkabidhi. Jalila alipokiwasha nyumbani, kioo kiliandika: KAFEDHA WANGU, NIMEKUKUMBUKA. CHAI TAYARI.

Alisoma mara tatu. Kisha akazima simu.

Kama si mayai, asingerudi tena kibandani. Lakini yalikuwa yamebakisha siku mbili kuanguliwa, na jirani alikuwa ameshadai kipimajoto chake. Asubuhi alikiweka kisanduku mezani bila salamu.

"Nipe changu. Hiki mpelekee Kafedha wako."

Hashim alikigeuza kisanduku. Kabla hajajibu, simu yake iliita. Aliyepiga alipaza sauti hata Jalila akamsikia.

"Hashim, bibi yako mgonjwa."

"Ana nini, babu?"

"Mwenyewe asema mzima, lakini kile kifaa alichovaa shingoni chasema ana joto thelathini na nne. Halafu ana unyevu themanini. Unyevu ni ugonjwa gani, mjukuu wangu? Nimeshaita tuktuk."

Hashim alifumba macho. "Ningojeni hapo hapo, babu. Naja."

Alimgeukia Jalila. "Bi Kafedha ni bibi yangu. Masikio yalimwishia mwaka jana. Babu huandika kwenye simu, maneno yatokee kwenye kioo chake. Chake nilikuwa nakitengeneza, na maneno ya mwisho hubaki humo; visanduku vimefanana, nikawapa kila mmoja cha mwenzake."

Jalila alitaka kubaki na hasira, lakini ule unyevu ulimshinda. Alicheka mpaka akashika meza. "Twende," alisema, "kabla hajadungwa sindano."

Mtongwe, nyumbani kwa babu, walimkuta Bi Kafedha ameketi barazani, amejifunga leso mbili mpya, amegoma kupanda tuktuk. Jalila aliinama, akambusu mkono. Bibi akamkagua kutoka ushungi mpaka viatu, kisha akasema kwa ile sauti kuu ya wasiosikia:

"Huyu ndiye Jalila unayemtaja mpaka chai inapoa?"

Pazia la nyumba ya pili likafunuliwa. Hashim alitazama sakafu.

"Na mimi mwenyewe mbona hukuniambia?" Jalila alimuuliza polepole.

"Niliogopa ukikataa hutarudi kibandani."

"Nimekuzimia simu kwa wivu, Hashim. Ulitaka nikuandikie kwenye kioo?"

Akainua uso. "Basi nimtume babu kwenu Ijumaa?"

"Ijumaa vifaranga vinatoka, sina nafasi. Mtume Jumapili."

Vifaranga themanini na tatu vilitoka. Jumapili babu alifika Shika Adabu katika kanzu iliyopigwa pasi, na Bi Kafedha nyuma yake, ingawa hakuitwa. Wanaume walikuwa bado wanaulizana habari za safari na afya, kwa mwendo wa taratibu unaofaa, bibi alipouliza harusi ni lini, kwa sauti iliyofika barabarani. Baba yake Jalila, ambaye hata posa hakuwa ameijibu, akajikuta ametaja mwezi.