Kitendawili cha Kasuku

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kasuku aliketi jikoni na kurusha matangazo yake ya redio. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mtambo ulitengenezwa na mjomba wake, fundi redio, aliyemwonya mapema: "Mtambo wa nguvu ndogo hivi sheria inauruhusu bila leseni. Usiuongeze nguvu, mwanangu."

Bibi aliishi ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyekuwa msikilizaji wake mkuu. Kasuku akisema "Kitendawili," bibi aliijibu redio, "Tega," hadi majirani wakacheka.

"Lakini unakwaruza sana, mjukuu wangu," bibi alilalamika siku moja. "Nusu ya maneno siyapati."

Kasuku alitaka sana kumfurahisha. Alichomoa kikuza nguvu kwenye redio mbovu, akakiunga kwenye mtambo, akarefusha antena hadi paani. Mjomba hakuambiwa.

Jioni iliyofuata bibi alianguka. Jirani alipiga simu hospitali, gari la wagonjwa likatumwa, lakini likachelewa mno. Bibi hakufa. Upande wake wa kulia ulipooza, na maneno yakampotea.

"Mngemleta mapema tungeokoa mengi," daktari alisema.

Dereva wa gari alikuwa amesimama ukumbini, kichwa chini. "Nilielekezwa nyumba kwa redio, sikusikia kitu," alimweleza mjomba. "Kuna mtoto amejaa kwenye masafa yetu, anatega vitendawili na kucheka mwenyewe. Nimezunguka mitaa mpaka alipozima."

Kasuku alitamani kunyamaza, akashindwa.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka bibi anisikie vizuri."

Mjomba alifumba macho. Asubuhi walishusha antena, wakaupeleka mtambo kwa wakaguzi wa masafa na kueleza kila kitu. Redio ya dereva ikasikika tena bila kelele.

Mchana walirudi hospitali. "Hewa ni njia ya wengi, ingawa haionekani," mjomba alimwambia mlangoni. "Sheria haikuwekwa ikuzibe mdomo. Iliwekwa ili mwenye shida naye asikike. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na leo umeyaona."

Kasuku aliinama kitandani, akaushika mkono wa bibi.

"Kitendawili," alinong'ona.

Midomo ya bibi ilitetemeka. Kasuku alisubiri, akasubiri tena, kisha akaanza kulia.