Mwendo wa Arobaini na Tano

Hebu nitegulieni hiki, wajukuu zangu: shamba langu jeusi ni la mviringo, lina mtaro mmoja tu, hulimwa kwa sindano, na mavuno yake huliwa kwa masikio. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ni santuri, ile sahani nyeusi ya muziki.

Hapa kwangu Duluth, Marekani, nina santuri arobaini, zote za marehemu mume wangu. Mjukuu wetu Linnea, mwenye miaka kumi na miwili, huja kwangu kila siku akitoka shule. Huvua viatu vyake vya theluji mlangoni, hula mkate kwa siagi, kisha hufanya kazi za shule mpaka mama yake atoke kazini. Tangu babu yake afariki, gramafoni ilikuwa kimya kama kabati. Kwa hiyo Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, Linnea alipoingia na santuri kwapani, nilishukuru hata kabla sijasikia chochote.

"Bibi, Mwalimu Kowalczyk amenipa ukurasa wa muziki kwenye gazeti la shule! Nisikilize albamu hii, niwapigie bendi simu, halafu niandike. Nikifanya vizuri, ukurasa ni wangu mwaka mzima!"

Ilikuwa albamu ya kwanza ya Madirisha ya Februari, bendi ya vijana wa hapa hapa mjini. Linnea aliweka sindano. Magitaa yakatambaa kama mtu anayetembea usingizini, kisha sauti nzito ya kiume ikaimba kama inatoka chini ya blanketi. Tulisikiliza upande wa kwanza, tukaigeuza, tukasikiliza wa pili. Jumanne tukarudia yote. Mimi nilipitiwa na usingizi mtamu kwenye kiti changu, na nilipoamka Linnea alikuwa bado anaandika.

"Umeshawapigia simu?" nilimuuliza.

"Naona haya, Bibi. Na mbona nimeshaelewa kila kitu?"

Akanisomea: "Mwimbaji ni kaka mwenye sauti kama ngurumo ya mbali. Maneno yake hayasikiki vizuri, na huo ndio uzuri wake."

Jumatano alimkabidhi mwalimu makala yake. Mwalimu Kowalczyk aliisoma, akatabasamu, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Linnea, uliwapigia simu kama nilivyokuambia?"

Kengele ikalia. Linnea akachukua begi lake, akatoka na wenzake. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuipenda kengele kiasi kile.

Alasiri hiyo alikuja na Dexter, mwenzake anayepiga picha za gazeti, apige picha ya jalada la santuri. Linnea akamwekea wimbo wa kwanza. Dexter akakunja uso.

"Huyu mzee ni nani? Amelewa?"

"Acha ushamba wewe! Ndiye mwimbaji."

"Mwimbaji yupi? Mwimbaji wao ni dada Greta, yule wa duka la mikate! Nilimwona akiimba siku ya sherehe ya maktaba." Dexter akachungulia ndani ya jalada, akavuta karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na majina, namba ya simu, na chini kabisa maandishi makubwa: SANTURI HII ICHEZWE KWA MWENDO WA AROBAINI NA TANO.

Sote tukageukia kitufe cha mwendo cha gramafoni. Kilikuwa kwenye mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, pale pale marehemu alipozoea kukiweka.

Linnea akakisogeza. Magitaa yakainuka kama mtu aliyefunua pazia, na sauti ya msichana ikaingia, nyepesi na safi. Bado ilikuwa ya ndoto, ila sasa maneno yalisikika. Alikuwa anamshukuru mama yake, aliyekuwa akiamka kila asubuhi kumchimbia njia kwenye theluji ili alifikie basi la shule. Mimi machozi yalinitoka. Siku mbili nzima nilikuwa nimelala juu ya shukrani ya mtu!

"Mhakiki wetu!" Dexter alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alipoona Linnea halii wala hacheki, akaacha. "Sikiliza, gazeti linachapwa kesho saa nne. Kurasa ninazipanga mimi. Nafuta 'kaka' naweka 'dada'. Nani atajua?"

Linnea alinitazama. Nilimsogezea simu tu.

Akapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi. Akaeleza yote, hata lile la ngurumo ya mbali. Kwenye simu tukasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa.

"Usikate! Natoka kazini saa kumi na moja," alisema Greta. "Nakuja. Nataka kumsikia huyo kaka!"

Alikuja kweli, na unga bado mikononi, na mkate wa iliki chini ya koti. Tukamchezea ule mwendo mbaya, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha tukacheza ule sahihi, pande zote mbili, kimya. Linnea akauliza maswali yake yote, akaandika upya.

"Samahani, dada Greta," alisema mwishoni.

"Mdogo wangu, watu wengi wanaicheza santuri yetu huku wanaosha vyombo. Wewe umetusikiliza mara mbili, tena kwa mwendo wa konokono! Nakushukuru. Ila jifunze hili: kusikiliza ni kazi. Usome kilichoandikwa, umuulize mwenyewe, na usichokijua usikiandike kama unakijua. Kama ningesoma gazeti lako nikamkuta kaka mahali pangu, ningeumia."

Asubuhi theluji ilikuwa nyingi, nikampeleka Linnea kwa gari, nikasimama mlangoni pa darasa na kipande cha mkate wa iliki kwa ajili ya mwalimu. Mwalimu Kowalczyk aliisoma makala mpya akiwa amesimama. Alipofika kwenye maneno ya Greta kuhusu mama yake, akavua miwani.

"Hii ni nzuri kuliko ya jana. Umeongeza mahojiano! Hongera. Ukurasa ni wako mwaka mzima."

Dexter alimkonyeza Linnea: basi, yamekwisha. Mwalimu alikuwa ameshageuka kwenda kwenye mashine ya kuchapa, na lile swali lake alikuwa amelisahau kabisa.

"Mwalimu," Linnea akaita, "jana uliniuliza kama niliwapigia simu. Hapana. Sikuwa nimewapigia."