Rangi ya Maji Juu ya Mafuta

"Mama! Njoo uone mkweo alichonifanyia!"

Mama akatoka jikoni mbio, mikono inachuruzika maji ya vyombo. Akamkuta binti yake katikati ya chumba cha kazi, mkoba begani, viatu hajavua. Mbele yake ile picha kubwa ilikuwa nyeupe pe, kama ukuta wa zahanati.

"Mgongo wangu uko wapi?" Mama akauliza.

"Umo humo ndani. Umepakwa rangi."

Binti huyu alikuwa mchoraji, na alichora wanawake tu. Mmoja anasuka nywele huku machozi yanamtoka. Mwingine anacheka peke yake, kiganja juu ya tumbo. Na huyu mkubwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka imeshuka mpaka kiunoni, anajipaka mafuta begani taratibu, uso kaugeuzia dirishani. Aliyekaa achorwe hivyo alikuwa Mama mwenyewe, mjane wa watu, na ilikuwa siri yao wawili.

Ufunguo wa pili wa chumba alikuwa nao mchumba wake, Fundi. Huyu alikuwa fundi rangi wa nyumba. Alikuja kupaka ngazi za jengo lile, akapita mlango ukiwa wazi, akasimama na ndoo yake mkononi: "Samahani dada, hiyo bluu umeichanganyaje?" Mapenzi yakaanzia hapo.

Simu ikalia. Ujumbe:

"Mpenzi usikasirike. Jumamosi Dada anakuja kukuona. Nilimwonyesha ile picha kwenye simu, akasema hanywi chai mbele ya mwanamke aliye uchi. Dada ndiye aliyenilea, unajua. Nielewe."

"Nielewe!" Binti akacheka cheko la uchungu, akaanza kuandika: "Jumamosi msije. Pete yako iko mezani, tuma mtu aje..."

"Usitume," Mama akasema.

"Mama nawe!"

"Mwanangu, mwanaume mwenye adabu haokotwi njiani. Picha utachora nyingine. Mimi naogopa tu, nitakuacha na nani siku nikiondoka?"

"Utaniacha na picha zangu."

"Picha hazikuletei maji ukiumwa."

Akisema hivyo Mama alikuwa anaipapasa ile picha, pale anapojua bega lake lilipokuwa. Ghafla akarudisha mkono. Rangi nyeupe ilikuwa imemfuata vidoleni kama maziwa, na begani pamechungulia kahawia, inang'aa vilevile.

Wakatazamana.

"Hii ni rangi ya maji," binti akasema polepole. "Chini ni rangi ya mafuta. Hakupiga msasa, hakuweka rangi ya kwanza ya kuishikiza. Mama, huyu mtu hata ukuta wa choo anaupiga msasa!"

"Basi kasahau."

"Fundi asahau msasa?"

Akafuta ujumbe, akapiga.

"Haloo, mpenzi..."

"Umepaka rangi ya maji."

Nyuma ya Fundi ilisikika ngazi ikiburutwa.

"Ndiyo."

"Juu ya mafuta."

"Ndiyo. Nilijua kitambaa chenye maji kitaitoa yote. Nilitaka Jumamosi ipite, Dada aondoke ameridhika, halafu nije niioshe mwenyewe. Sikuweza kumharibu yule mwanamke. Wallahi."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo mfukoni."

Kule ngazi ikaacha kuburutwa.

Nyinyi mabinti mnaosoma hapa na kutabasamu, mkisema kaka wa watu ana huruma, tulieni kidogo. Anayekufunika kwa upole naye amekufunika.

"Nisikilize," binti akasema, sauti imetulia. "Leo umenifunika kwa rangi inayotoka. Kesho ukinizoea utatafuta isiyotoka. Sitaki kuolewa na mtu anayenipenda nyuma ya mlango."

"Nifanye nini? Sema tu."

"Jumamosi njooni. Picha utaikuta ilivyo. Utaiosha wewe, Dada yako akiwa amekaa pale. Ukishindwa, pete utaondoka nayo."

Jumamosi ikafika. Dada akaingia amevaa nguo yake ya heshima, akakaa ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Akaiona ile nyeupe, akatabasamu.

"Afadhali. Sasa hapa mtu anaweza kumeza chai."

Fundi akasimama. Kitambaa mkononi, ndoo miguuni, jasho usoni.

"Dada."

"Mdogo wangu, kaa, mbona unahangaika?"

"Dada, hii rangi niliipaka mimi bila kumwambia mwenyewe. Nimekosea. Huyu ndiye ninayetaka kumuoa, na kazi yake ndiyo hii. Sitamuoa nusu."

Akalowesha kitambaa, akaanza.

Likatoka bega kwanza. Ikatoka shingo, na mikunjo yake miwili ya umri. Ukatoka mkono uking'aa mafuta, kisha mgongo mpana uliobeba watoto na maji na misiba, sasa umepumzika, mwanga wa asubuhi unauteremkia. Maji meupe yakadondoka sakafuni, tone kwa tone.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Binti alikuwa hatazami picha, anatazama mkono wa Fundi. Haukusita.

Dada akaweka kikombe chini. Akasogeza kiti karibu na picha.

"Huyu mwanamke anamsubiri nani?"

"Hamsubiri mtu, mwanangu," Mama akajibu. "Anajipaka mafuta."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kaoga, watu wametoka, nyumba imetulia. Siku hiyo mwili ulikuwa wake."

"Mama umejuaje yote hayo?"

"Kwa sababu ni mimi."

Kitambaa kikamponyoka Fundi, kikatumbukia kwenye ndoo. "Mama! Nisamehe, mimi sikujua... nimekuosha mgongo..."

"Umeniosha vizuri. Ila ulivyonipaka kwanza bila hodi, hapo ndipo tuna kesi."

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu cheko likamgeukia kilio, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mimi mgongo wangu sijui hata ukoje," akasema. "Tangu nianze kulea hawa wadogo zangu, najipaka mafuta mikononi tu nikitoka."

"Siku moja njoo ukae hapo dirishani, wifi," binti akamwambia.

"Na nguo zangu!"

"Na nguo zako zote. Hata koti ukitaka."

"Basi nimiminie chai."

Chai ikanywewa, siku ya harusi ikapangwa. Wageni walipoaga, Fundi akabaki mlangoni na kile kitambaa kimeganda rangi nyeupe.

"Hiki nikakitupe wapi?"

"Usitupe," binti akasema, akakichukua na kukitundika msumarini kando ya picha. "Kikae hapo. Siku ukitaka kunifunika tena, utaanza kukipita hiki."

"Na nikitaka kuuliza?"

"Mlango upo. Piga hodi."

Fundi akatoka nje. Akafunga mlango nyuma yake, akasimama kidogo, akagonga.